Raundi ya Tatu ya Hesabu

Siku ile ya fainali chumbani tulikuwa watu saba, ukimtoa dereva wa lori aliyepanda ngazi kuuliza choo kiko wapi. Nawataja wote pamoja na uhusiano wao.

Alikuwepo Mwalimu Athanase Bonane, mwamuzi wa kipindi. Kule Uvira alimfundisha binti yangu wa kwanza, Gentille, na hapa Durban aliishi ghorofa ya juu yangu, Sydenham. Alikuwepo Chantal Furaha, mwenye kipindi, binti wa marehemu Mama Espérance ambaye niliuza naye mboga Isipingo kwenye meza moja kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwepo Wekesa, mtangazaji, Mkenya, fundi wa simu, aliyepanga duka la mjomba wa Chantal. Alikuwepo Évariste Ndayizeye, Mrundi, seremala wetu na mshika kamera ya pili, shemeji yake Mwalimu. Mchezaji wa kwanza alikuwa Odette Nsimire, mwalimu huko kwetu na msusi wa nywele huku. Ndiye aliyemsuka Chantal siku ya harusi yake. Nilikuwepo mimi, Vumilia Riziki, mnayeniita Koko, yaani bibi, mshika vibao.

Mchezaji wa pili alikuwa Faustin Mugisho, mlinzi wa magari kwenye parkingi ya maduka Isipingo. Yeye hakuwa na uhusiano na mtu yeyote mle ndani. Hilo mlikumbuke.

Nimestaafu mwezi uliopita. Chantal aliniomba niwaachie ninyi mnaoingia maneno machache kuhusu kazi. Mishahara siandiki, haikuwa na urefu wa kuandikwa. Naandika nilichokijua kwa mikono.

Mimi nilisoma miaka miwili tu kwa masista, halafu mama akajifungua mapacha, nikarudi nyumbani kuwabeba. Herufi nazijua kwa sura, kama mnavyowajua majirani. Sina mazoea ya kuandika, kwa hiyo kila kitu nimekiweka kichwani, na hakitoki. Jina nikilisikia mara moja limebaki. Watu walikuwa wakinichezea: "Koko, nani alicheza wiki ya nne ya mwaka wa pili?" Nami najibu, na nguo aliyovaa. Wekesa alikuwa akisema, "Aki Koko, wewe ukifa tutapoteza faili zote."

Siku yangu ya kwanza sikwenda kushika vibao, nilikwenda kupika. Chantal alikuwa amepewa saa moja kwa wiki na televisheni ya jamii, kwa ajili yetu tunaosema Kiswahili hapa mjini, na mwenye ghala mmoja wa Clairwood akamwazima chumba juu ya ghala lake. Chini malori yanaingia na kutoka. Lori likirudi nyuma linapiga ile pi, pi, pi, na sisi tunasimama kurekodi. Niliweka sufuria ya maharage kwenye kona. Msichana wa kuweka herufi hakuja. Mwalimu akanitazama mikono akasema, "Mama Vumilia, mikono yako haina haraka. Njoo."

Kipindi kiliitwa Meza ya Tisa. Mwalimu alikipanga kwa kuangalia vile vya Wafaransa alivyokuwa akivitazama zamani. Raundi ya herufi: mchezaji anaomba vibao tisa kimoja kimoja, halafu sekunde thelathini kutafuta neno refu kuliko yote. Raundi ya hesabu: namba sita mezani, namba moja kubwa ya kufikiwa, ujumlishe, utoe, uzidishe, ugawe, sekunde thelathini pia. Mwisho kengele: neno la herufi tisa limevurugwa, wa kwanza kulitambua anapiga kengele ya baiskeli.

Vibao vya siku ile vilitoka kwenye mchezo wa Kifaransa wa kupanga maneno, alivyovibeba Mwalimu kwenye sanduku miaka yote ya ukimbizi. Tukaanza. Mchezaji akaomba, nikaweka. E. E. R. T. X. E. S. Q. L. Saa ikapiga. Sekunde thelathini ni ndefu sana watu wakiwa hawana la kuandika. Kinyozi mmoja, Dieudonné Bisimwa, akaweka kalamu chini akasema, "Mwalimu, pardon, hapa haiko maneno. Hapa iko Wazungu tu."

Tulicheka mpaka maharage yakaungua. Lakini Mwalimu hakucheka. Alikaa akazihesabu herufi za Kiswahili kwenye kurasa za Biblia, siku tatu, na penseli. Akarudi: A ishirini na mbili, I kumi na tatu, U kumi, K na W na N nyingi, na Q na X akazirudisha sandukuni. Évariste akavikata vibao kutoka mbao za paleti zilizovunjika kule chini, akavichoma herufi kwa msumari wa moto. Ndivyo hivi mnavyovishika leo.

Basi ya kazi ni haya. Vibao havioshwi kwa sabuni, vinapauka, na mchezaji mjanja atakijua kibao cha A kwa rangi ya mgongo. Pangusa na kitambaa kikavu. Msimu wa joto mbao zinavimba, usizibane kwenye sanduku. Mimi sikujua maneno irabu na konsonanti, nilikuwa nasema zinazoimba na zinazogonga. Weka zinazoimba kulia, kapu la bluu, zinazogonga kushoto. Usimtazame mchezaji usoni unapoweka kibao. Akiona umesikitika, atajua kimemwendea vibaya kabla hajakisoma.

Na jambo la raundi. Watu wanafikiri kipindi ni maswali. Kipindi ni mpangilio wa raundi. Tulianza na nne za herufi, mbili za hesabu, kisha kengele. Miaka mitatu ya kwanza washindi wakawa walimu, mapasta, na mtu mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Wauza kitenge, wauza kadi za simu, vijana wa saluni walikuwa wanawapita kwenye hesabu kama hawapo, halafu wanazama kwenye herufi. Hawakuwa wajinga. Raundi zilikuwa zimeshawaamulia kabla hawajavuka mlango.

Ni mimi niliyesema tubadilishe. Nilimwambia Chantal mbele ya Mwalimu, "Weka tatu kwa tatu. Herufi, hesabu, herufi, hesabu, mpaka kengele." Mwalimu akasema, "Raundi ya tatu ya hesabu." Hivyo tu, kama mtu anayepima uzito wa mzigo. Kisha akasema, "Ni haki."

Mwaka wa nne tukabadilisha. Kipindi kilifufuka. Raundi ya tatu ya hesabu, ile ya mwisho kabla ya kengele, ndiyo watu waliyokuwa wakiisubiri majumbani, na mwenye ghala alipenda mpaka akaweka zawadi ya msimu: atakayeshinda fainali anapewa kazi katika ofisi yake kule chini, ya kuhesabu mizigo inayoingia, yenye meza, kiti, na makaratasi ya ajira. Mnaoishi hapa na kibali cha miezi sita miezi sita mnajua makaratasi ya ajira ni nini.

Sasa mjue kazi ya mwamuzi kwenye hesabu. Mchezaji anasema njia yake kwa mdomo, mbio mbio, na mwamuzi anaifuata kichwani na kusema sawa au si sawa. Asipopata mtu, mwamuzi ndiye anayeonyesha njia. Mwalimu alikuwa na daftari la bluu. Kila meza ya hesabu iliyowahi kutoka aliandika humo namba zake na njia zake, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Na alikuwa na sheria moja aliyoitangaza kila msimu: meza haitoki mara mbili. Watu waliijua kama wanavyojua saa ya kipindi.

Mwaka wa tano alicheza Jeannine Kavira, muuza kadi za simu, wa Butembo, ana mimba ya mtoto wake Merveille. Namba ya kufikiwa ilikuwa mia moja sitini na nane. Jeannine akasema, "Saba mara nane, hamsini na sita. Mara tatu. Mia moja sitini na nane."

Mwalimu akasema, "Saba mara nane ni hamsini na nne. Si sahihi."

Jeannine alikuwa akihesabu chenji kila siku mchana kutwa, alijua. Lakini huyu ni Mwalimu. Akasema, "Pardon, Mwalimu, nimekosea," akakaa. Wekesa alinitazama. Chini lori likaanza pi, pi, pi, tukasimama, na tuliporudi hakuna aliyeligusa. Chantal alikata kipande kile. Jeannine alishindwa kwa pointi tatu.

Mwalimu alinikuta kwenye ngazi nafunga makapu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Vumilia. Saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita, Mwalimu."

Akashika ukuta. "Asubuhi nilikuwa nayo," akasema. "Niliamka nayo. Nilipofika pale ilikuwa imeondoka."

Nilimwambia twende hospitali. Alikuwa ameshakwenda. Walimpa jina la ugonjwa kwenye karatasi na tarehe ya kurudi. Maneno bado alikuwa nayo yote, neno lolote la Kiswahili ungemletea angekwambia linatoka wapi. Hesabu ndizo zilizokuwa zinamtoka kwanza. Akaniambia, "Usiniseme. Nikikaa ndani ya chumba kile peke yangu, nitaisha mwaka huu huu." Chumba kile nilikijua, kiko juu ya kitanda changu. Nilikuwa nasikia viatu vyake vikizunguka alfajiri, dirisha mpaka mlango, mlango mpaka dirisha.

Na raundi ya tatu ya hesabu niliyoileta mimi ilikuwa inamngoja kila wiki.

Ndipo nilipofanya niliyoyafanya. Lile daftari la bluu lilikuwa na meza zote za zamani, na njia zake, alizoziandika akili yake ikiwa nzima. Nikizirudisha meza zile, yeye atasoma tu. Nilifikiri: nani anakumbuka namba sita za miaka minne nyuma? Mimi. Na nani tena? Nilijiona niko peke yangu duniani.

Namna ilikuwa hivi. Mchezaji anachagua anataka namba kubwa ngapi, moja, mbili, au tatu, na zilizobaki ndogo. Kabla ya kila raundi ya hesabu niliandaa marundo matatu, moja kwa kila chaguo. Namba ya kufikiwa nilikuwa naichota mwenyewe, tarakimu tatu kutoka kapu lililofunikwa kitenge. Mnajua mama zenu walivyofunga vitu kwenye pembe ya kitenge. Nilifunga mafundo matatu kwa ndani ya kile kifuniko, kila fundo na vibao vyake vitatu. Mkono unaingia, kidole kinalegeza fundo, vibao vinatoka kimoja kimoja. Kamera ilikuwa inaona mwanamke mzee anachota. Na kwenye daftari nikaweka nyuzi: mweupe ukurasa wa kubwa moja, mwekundu wa kubwa mbili, wa kijani wa kubwa tatu. Mwalimu anafungua penye uzi.

Tulikwenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Sikumpendelea mchezaji yeyote, wala sikumwambia mtu. Wachezaji walihesabu wenyewe, walioshinda walishinda wenyewe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia nikipangusa vibao.

Fainali ya mwaka wa sita ikawa Odette na Faustin.

Faustin alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, koti la kijani la kulindia magari amelikunja ndani ya mfuko wa plastiki ili asilivae mbele ya kamera. Alikuwa na mke, Solange, na mabinti wawili, Neema na Grâce. Alikuwa ameniambia wakati wa nusu fainali kwamba alijifunza Meza ya Tisa kwenye simu, katikati ya gari na gari. "Koko, mimi naangalia zote. Hata zile za zamani za zamani. Mteja anaingia dukani, mimi nafungua. Anatoka, mimi nafunga." Nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Sikufikiri. Nilikuwa na haraka ya kupanga marundo.

Mapumziko, kabla ya raundi ya mwisho ya hesabu, Évariste alitaka meza isogezwe kwa ajili ya taa. Mgongo ulikuwa unaniuma. Faustin akaruka. "Koko, acha, minabeba." Akabeba kapu la tarakimu, kifuniko na vyote, akaliweka mahali pake bila hata kuliinamia. Nilikuwa hatua moja nyuma yake. Macho yake yalikuwa kwangu, anauliza, "Hapa? Ao hapa?"

Odette alikuwa mbele kwa pointi sita. Zamu ya kuchagua ilikuwa ya Faustin.

"Kubwa mbili, Koko. Na ndogo ine."

Nikaweka: sabini na tano, hamsini, nane, sita, tatu, mbili. Mkono kwenye kapu, fundo la kubwa mbili. Nne. Tatu. Moja. Mia nne thelathini na moja.

Wekesa hajamaliza kusema "saa ianze" Faustin ameshaandika na kalamu iko chini. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki njiani. Sekunde thelathini zote Odette anakuna karatasi, na yeye amekunja mikono.

Saa ikaisha. Odette hakuwa na kitu. Faustin akasema, "Sabini na tano mara sita, mia ine makumi tano. Nane mara mbili, kumi na sita, ongeza tatu, kumi na kenda. Toa. Mia ine makumi tatu na moja."

Mwalimu alisoma penye uzi mwekundu. "Sawa kabisa," akasema. "Ndiyo njia yenyewe."

Wekesa akasema, "Bwana! Hata saa haijapiga! Umeota hii hesabu?" Alikuwa anatania. Lakini Odette alisimama. Odette hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alisema, "Mimi sikatai kushindwa. Lakini huyu ndugu hakuhesabu. Mimi ni mwalimu, najua mtoto anayehesabu na mtoto aliyepewa jibu."

Chantal akazima kamera. Akamwuliza Faustin kwa upole, "Kaka, umejuaje?"

"Ilishatoka," akasema Faustin. "Mwaka wa pili. Mama Sifa Bulonza na Pasteur Élie. Mama Sifa alikosa, Mwalimu akaonyesha njia. Nimeiangalia ile mara mingi sana, Mama Sifa ni wa kwetu, Kadutu."

Évariste akasema, "Meza haitoki mara mbili."

"Minajua. Hata mimi nilishangaa. Lakini ilitoka."

"Unasema Mwalimu anadanganya?"

"Hapana, mzee, sisemi vile."

"Basi unasema nini? Kapu ulilibeba wewe."

Hapo ndipo lilipogeuka. Niliona uso wake unaelewa. Akasema angalieni picha ya zamani. Chantal akasema za miaka mitatu ya kwanza alizifuta nafasi ilipojaa. Faustin akasema basi za kwenye mtandao. Ukurasa ule ulikuwa umefungwa mwezi uliopita kwa sababu ya wimbo tulioupiga bila ruhusa. Akatazama huku na huku. Ile meza ilikuwa imebaki mahali patatu tu duniani: kwenye vichwa viwili, chake na changu, na kwenye daftari la bluu, limefunguliwa mbele ya Mwalimu, uzi mwekundu unaning'inia pembeni, hatua nne kutoka alipokaa Faustin. Na mafundo mawili yalikuwa bado kwenye kile kifuniko.

Chantal akageuka. "Mwalimu, meza hii iliwahi kutoka?"

Mwalimu alinitazama mimi. Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. "Sikumbuki," akasema. Na ilikuwa kweli. Ukurasa ulikuwa mbele yake, lakini alishasahau daftari ni la nini.

Faustin akapumua, akatabasamu tena. "Muulizeni Koko," akasema. "Koko anakumbuka yote."

Wakanigeukia wote. Wekesa hata alicheka kwa nafuu. "Eish, kweli! Koko, tuambie. Mama Sifa alicheza meza gani?"

Mama Sifa Bulonza alivaa kitenge cha njano chenye samaki. Kiatu cha kushoto kilikuwa kinambana, alikivua chini ya meza. Aliomba kubwa mbili. Nilimwekea sabini na tano, hamsini, nane, sita, tatu, mbili.

Nilinyoosha mkono nikalifunga daftari la Mwalimu, taratibu, kama mtu anayefanya usafi. Nikasema, "Sikumbuki."

Wangeweza kubishana na neno lolote, lakini si na hilo kutoka kwangu. Kama Koko haikumbuki, basi haikuwepo. Faustin hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Koko?" Kama vile nimemkanyaga kwa bahati mbaya, na anangoja nitoe mguu.

Kengele haikulia siku ile. Odette alipewa ushindi na kazi. Wiki iliyofuata Wekesa alisoma tangazo kwenye kipindi, jina lote, Faustin Mugisho, ameondolewa kwa kuchungulia vibao. Chantal alitaka jina lisitajwe. Évariste akasema lazima, kwa heshima ya shemeji yake. Mimi niliulizwa. Nilisema fanyeni mnavyoona.

Sikufikiria parkingi. Pale Isipingo walinzi wa magari wana kamati yao, Wakongo na Warundi, na kila mmoja ana mstari wake. Walikaa wakasema mtu aliyetangazwa mwizi kwenye televisheni hawezi kulinda magari ya watu. Wakachukua lile koti la kijani. Nilisikia kwa Mama Zawadi Furaha, anayeuza nyanya kwenye stendi ya taxi.

Nilimwona mara moja tena, mchana, pale pale kwenye stendi. Alikuwa anabebea watu mizigo. Nilikuwa na mifuko miwili ya viazi. Akaja, akaipokea mikononi mwangu, akaipeleka mpaka mlango wa taxi. Akaipanga vizuri chini ya kiti. Halafu akainama usawa wa uso wangu akasema polepole, "Sabini na tano. Hamsini. Nane. Sita. Tatu. Mbili." Akangoja.

Kondakta anaita kwa Kizulu niingie, "Gogo, ngena, siyahamba!" Nami nikasema, "Mwanangu, taxi inaondoka." Nikapanda.

Nilitafuta baadaye. Mlango waliopanga Solange na mabinti ulifunguliwa na watu wengine. Mmoja alisema wamekwenda Maputo, mmoja alisema Cape Town, mmoja alisema mwanamume alikwenda peke yake.

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha uamuzi miezi minne tu baada ya fainali ile. Miezi minne. Nilimlindia hiyo. Kisha maneno nayo yakaanza kumtoka, na binti yake Bernadette akamchukua. Nilikuwa namtembelea Jumapili. Alikuwa ananiita Agnès, jina la dada yake aliyekufa vitani. Tulimzika mwaka huu. Bernadette akanipa daftari la bluu. "Koko, chukua, ninyi wawili mlikuwa nalo daima." Hakujua alichokuwa anasema, au labda alijua.

Nimeandika haya ndani yake, kurasa za nyuma ambazo hazikutumika, kwa mwandiko huu mnaouona, neno moja leo, mawili kesho. Nyuzi ziko mahali pake. Penye uzi mwekundu mtasoma wenyewe mkono wa Mwalimu: mwaka wa pili, Mama Sifa, mia nne thelathini na moja. Chantal, mwanangu, nilikuambia nitawaandikia vijana jinsi ya kutunza vibao. Nimewaandikia. Anza wewe kusoma, kisha mpe Wekesa ayasome mbele ya kamera, jina lote, kama alivyosoma lile tangazo la kwanza. Na tangazo liwe na jina langu.

Nimetaja watu wengi. Kama kuna jina nimelikosea, au nguo, au nani alikaa upande gani, mnirekebishe. Odette, Évariste, mlikuwepo. Jeannine, kama nimekosea pointi zako, sema. Faustin, kama haya yatakufikia popote ulipo, na kuna mahali nimeyapunguza, nirekebishe wewe kuliko wote. Usinifuate pembeni kwa sauti ya chini kama siku ile ya taxi. Nirekebishe mbele ya watu.